Ngomo: Watu wa kando ya barabara si freni ya boti za wengine

KAMANYOLA – Mtu akinunua boti kubwa Bukavu na kuitaka Uvira, hana njia ya maji. Mto Ruzizi unatoka ziwa Kivu na kumwaga Tanganyika, lakini katikati kuna maporomoko na kuna mabwawa ya umeme, na hakuna boti inayopita pale. Boti lazima ipande barabara. Na barabara hiyo inashuka: ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, Tanganyika iko karibu mita 770. Hizo ni mita zipatazo 700 za kushuka, na sehemu mbaya kuliko zote iko mahali pamoja ambapo kila mkaaji wa Nyangezi na Kamanyola anapajua: Ngomo.

Hapo ndipo zinapitishwa boti zenye kibanda, zenye paa na vioo na injini mbili nyuma, juu ya remorki, zikivutwa na kamyoneti moja. Juu ya boti kuna magunia. Ndani ya kibanda kuna watu. Mama mwenye mtoto mgongoni amelipa nusu ya bei ya gari la kawaida, ameambiwa akae vizuri, ashike kamba. Mara nyingi huyo ni mhami. Amekimbia vita, amebeba sufuria na blanketi, pesa zimekwisha, na mtu amemwonyesha kiti cha bei ndogo kilicho kavu na chenye paa. Nani angekataa?

Jambo hili linaitwa msaada. Si msaada. Ni mwenye boti anayechukua faida mara mbili, na hatari yote anawaachia watu wasiojua chochote kuhusu ndoano, freni na uzito. Linapaswa kusimamishwa, na linaweza kusimamishwa bila kumnyima mtu yeyote boti yake.

Tumelia sana kuhusu maji. Tarehe 3 Oktoba 2024, MV Merdi ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, ikitoka Minova, watu wakiangalia kutoka ufukweni, na makumi ya wenzetu walikufa. Walikuwa wamepanda maji kwa sababu vita ilikuwa imefunga barabara. Tangu hapo kila mtu anazungumzia jile za kuokolea, wingi wa abiria, mizigo kupita kiasi. Vizuri. Lakini boti ile ile ikiwekwa juu ya magurudumu, mazungumzo yote yanakufa. Kwenye maji boti ya tani mbili inaelea. Kwenye Ngomo boti ya tani mbili inasukuma.

Tuanze na uzito, kwa kuwa ndipo uongo wa kwanza unapoanzia. Mwenye boti akiulizwa, anataja uzito wa boti tupu, ule ulioandikwa kwenye karatasi ya kiwanda. Chukua boti ya fibre ya mita saba yenye kibanda. Ganda lake lifikirie kuwa kilo 1,600. Ongeza injini mbili za farasi 115, kila moja karibu kilo 170: hizo ni 340. Ongeza lita 300 za esanse ndani ya tangi. Lita moja ya esanse ni kama gramu 740, kwa hiyo ni zaidi ya kilo 220. Nanga, betri, kamba, jenereta ndogo, magunia mawili matatu ambayo mtu amesema ni ya safari tu: kilo 200. Kisha remorki yenyewe, ambayo watu huisahau kana kwamba ni ya karatasi: kilo 650. Jumla imepita kilo 3,000. Hapo bado hatujapandisha mama na mtoto wake na majirani zake wanane, ambao wanaongeza nusu tani.

Kamyoneti inayovuta haina uzito huo. Hilux ya milango minne ni kama tani mbili. Kwa hiyo kinachokokotwa ni kizito kuliko kinachokokota. Kwenye uwanda wa Ruzizi, kati ya Luvungi na Sange, shofere anaweza asione tatizo, barabara ni tambarare na gari linavuta. Kwenye mteremko mambo yanageuka. Si gari tena linalovuta boti. Boti ndiyo inayoendesha gari.

Jibu la wenye magari linajulikana: hii ni Land Cruiser, ina nguvu, imetoa malori kwenye tope la Bunyakiri. Ni kweli, ina nguvu. Nguvu ya kuvuta ni ya injini. Kusimama ni kazi ya freni, na freni za gari zilitengenezwa kusimamisha gari lile na mzigo wake, si gari la pili lililofungwa nyuma. Toyota wenyewe, katika vitabu vya Land Cruiser 79 kwa masoko kama Australia, wanaruhusu kilo 3,500 kwa remorki yenye freni zake yenyewe. Na kwa remorki isiyo na freni? Kilo 750. Soma tena tofauti hiyo. Gari ni lile lile, ndoano ni ile ile, na ruhusa inaanguka hadi karibu moja ya tano kwa sababu tu remorki haina freni. Hilux nyingi za zamani zinazozunguka kwetu haziruhusiwi hata hizo 3,500.

Sasa nenda ukaangalie remorki zinazoshuka Ngomo. Nyingine zilichomelewa hapa hapa kutoka ekseli ya gari lililokufa, na hazikuwahi kuwa na freni hata siku moja. Nyingine zilikuja kutoka ng'ambo zikiwa na freni nzuri za kusukumwa: gari likipunguza mwendo, remorki inasukuma shingo ya ndoano, chuma kinarudi nyuma, kinavuta waya, magurudumu yanashikwa. Ni ufundi rahisi, hauhitaji umeme. Lakini remorki ya boti inaingizwa majini kila siku, waya unaota kutu, siku moja freni zinashika na kukataa kuachia. Na kwetu fundi hufanya nini? Anakata waya. Remorki inatembea vizuri tena, mwenye mali anafurahi, analipa dola kumi. Freni zimekwisha kuondoka, na hakuna alama yoyote nje inayoonyesha hivyo.

Huko nyuma pia kuna habari ya ndoano. Kichwa cha mviringo cha Ulaya ni milimita 50. Cha Marekani ni inchi mbili, milimita 50.8, au kile kikubwa cha boti nzito ambacho kinakaribia milimita 59. Kwetu remorki inatoka nchi moja, gari nchi nyingine, ndoano imechongwa na fundi wa karakana. Kikombe kikubwa kikikalia kichwa kidogo, kinafunga, kinaonekana kimeshika, na kwenye shimo la kwanza kubwa kinaruka. Hapo kinachobaki ni minyororo ya usalama, miwili, iliyopishanishwa chini ya shingo ili ikidaka shingo isipige chini na kupindua kila kitu. Ni remorki ngapi zina minyororo hiyo? Nyingi zina kamba ya nailoni. Kamba ya nailoni ni ya kufungia mbuzi.

Wapo mashofere wanaosema wamefanya kazi hii mara nyingi na hakuna lililotokea. Hawadanganyi, na wengi wao ni mafundi wa kweli wa usukani. Wengi pia hawana chaguo: tajiri anasema shuka leo au nampa mwingine gari. Lakini kufika salama mara ishirini bila freni hakuonyeshi kwamba freni hazihitajiki. Kunaonyesha kwamba mara ishirini hapakuwa na mtoto barabarani, hapakuwa na lori limekwama kwenye kona, hapakuwa na mvua. Barabara hii haina tabia ya kutulia hivyo.

Na barabara hii ina kumbukumbu. Tarehe 2 Julai 2010, Sange, lori la mafuta lilipinduka katikati ya watu. Mafuta yalimwagika, moto ukawaka, na zaidi ya watu 200 walikufa, wengine wakiwa ndani ya nyumba wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Waliokufa hawakuwa abiria wa lori lile. Walikuwa majirani wa barabara. Boti inayoshushwa na lita 300 za esanse ndani ya tangi si lori la mafuta, lakini ni esanse ile ile, nyuma ya ganda la fibre linalopasuka likigongwa, na mara nyingi kando yake kuna mitungi ya plastiki ya akiba. Anayeshusha boti na tangi lililojaa kupita katikati ya soko la Sange, mahali pale pale, amesahau nini?

Esanse iondolewe. Hilo halina gharama. Mafuta yanapatikana Uvira. Boti haihitaji hata lita moja ikiwa juu ya remorki.

Kuna kosa jingine lisiloonekana kirahisi, nalo linahusu moja kwa moja wale wanaopandishwa. Remorki inapaswa kulemea kidogo mbele, juu ya ndoano. Kwa mizigo mizito, kipimo kinachotumiwa sana ni sehemu moja ya kumi: boti na remorki za kilo 3,000 zikandamize ndoano kwa karibu kilo 300. Zikikandamiza kidogo mno, yaani uzito umekimbilia nyuma ya magurudumu, remorki inaanza kutikisa mkia, kushoto, kulia, kila mara zaidi, hadi inageuza gari lenyewe. Sasa angalia boti: injini ziko nyuma, tangi mara nyingi liko nyuma. Halafu watu wanapandishwa, nao wanakaa wapi? Nyuma, penye hewa, penye mahali pa kushika. Kila abiria anayeongezwa pale anaitoa ndoano uzito wake. Mama yule aliyelipa nusu bei, bila kujua na bila kosa lolote, amekuwa sehemu ya kinachoweza kumuua.

Hakuna mizani ya magari kila mahali, lakini kuna saruji. Mfuko mmoja ni kilo 50. Kabla ya safari, gari likiwa tupu, weka mifuko sita mwisho kabisa wa karoseri, juu ya ndoano, upime kwa fimbo ni kiasi gani nyuma ya gari imeshuka. Toa saruji, funga remorki, pima tena kwa fimbo ile ile. Ikiwa gari halijashuka karibu kiasi kile, boti iko nyuma mno: isogezwe mbele juu ya remorki, au injini moja itolewe. Ikiwa gari limekaa chini mno na taa zake zinaangalia mawingu, uzito umezidi mbele, na usukani utakuwa mwepesi kama wa pikipiki ya watoto. Si kipimo cha maabara. Lakini ni bora kuliko jicho la tajiri.

Mkia ukianza kutikisika, wengi hufanya kinyume cha kinachotakiwa. Wanakanyaga freni kwa nguvu, au wanaongeza mwendo ili waikimbie. Vyote viwili vinazidisha. Mguu utoke kwenye gesi, usukani ushikwe wima bila kuufuata mkia, gari liachwe lipungue lenyewe. Kama remorki ina freni za umeme zinazoongozwa kwa mkono, hizo peke yake ndizo zinazoguswa. Kisha simama, utafute sababu. Kuendelea baada ya mkia kutikisika mara moja, kwa kuwa sasa imetulia, ni kuomba itikisike mahali pabaya zaidi.

Kuhusu mteremko wenyewe, mashofere wa malori ya Ngomo wanajua kanuni, na wenye kamyoneti wangefaa kuwauliza. Vitesi ndogo inaingizwa juu, kabla ya kushuka, si katikati wakati gari limekwisha kukimbia. Injini ndiyo inayozuia. Freni zinakanyagwa kwa kishindo kifupi halafu zinaachiwa zipoe, hazikaliwi. Freni ikikaliwa kilomita nzima inapata moto, inanuka, na mguu unaanza kuzama kama kwenye matope. Hapo imebaki dakika chache. Hata remorki yenye freni nzuri za kusukumwa, kwenye mteremko mrefu inashika muda wote kwa kuwa inasukuma muda wote, nayo inapata moto. Kwa hiyo kusimama katikati ya mteremko, mahali penye nafasi, mawe chini ya magurudumu yote, nusu saa, si uvivu. Na mwendo: gari la kilomita 60 kwa saa halihitaji mara mbili ya nafasi ya kusimama ya lile la kilomita 30, linahitaji mara nne. Kwenye kona za Ngomo hata mara mbili haipo.

Mchana tu. Usiku remorki isiyo na taa nyuma ya gari lenye taa ni mtego. Mtu wa pikipiki anaona gari limepita, anakata barabara, anakutana na chuma cha boti.

Sasa viongozi. Kutoka Nyangezi hadi Uvira hakukosekani vizuizi. Kamba inashushwa, mtu anatoka kivulini, gari linasimama, noti inapita dirishani, kamba inapandishwa. Waliosimama kwenye kamba wamebadilika mara nyingi kufuata vita na siasa; mteremko ni ule ule. Katika vizuizi vyote hivyo, ni nani ameinama hata mara moja kuangalia chini ya remorki? Ni nani ameuliza watu wangapi wamo ndani ya kibanda? Gari lenye boti linalipishwa zaidi kwa kuwa linaonekana la tajiri, na kwa kuwa limelipishwa zaidi, shofere anapandisha watu ili arudishe pesa zile. Basi anayepokea noti asiseme hahusiki. Yeye ni sehemu ya sababu ya mama yule kuwa mle ndani.

Hakuna anayeomba mashine za kisasa. Mtu mmoja mwenye tochi kwenye kizuizi cha kwanza juu ya Ngomo anatosha. Aangalie: remorki ina freni na zinafanya kazi, minyororo miwili ipo, tangi ni tupu, boti imefungwa mbele na nyuma na si kwa ule mkanda mmoja wa puani tu, ndani hakuna mtu. Ikikosa kimoja, haishuki. Kazi ya dakika kumi. Wanaotoza wanatumia muda mrefu zaidi kubishana bei.

Mashirika ya misaada nayo yasijifiche nyuma ya bendera zao. Baadhi ya boti nzito zinazoteremshwa ni za kazi za kibinadamu, au zimekodiwa kwa kazi hiyo, na kazi hiyo inahitajika. Watu wa kando ya Tanganyika wanajua thamani ya boti nzuri siku ambayo madaraja yamekatika. Mwezi Aprili 2020 Mulongwe ilipofurika Uvira ilichukua nyumba na daraja. Mwaka 2024 ziwa lenyewe lilipanda hadi bandari ya Kalundu ikajaa maji. Lakini anayekodi boti ana haki ya kuuliza ilifikaje, na anayelipa usafirishaji anaweza kuandika katika mkataba kwamba hakuna abiria na hakuna esanse. Mstari mmoja. Wanaandika kurasa arobaini kuhusu mambo mengine.

Na kwa wenye boti wanaosema hawana pesa za lori kubwa, hesabu ifanywe yote. Lori la tani kumi lenye kreni, au lililopangwa magogo na mifuko ya mchanga, linaichukua boti hiyo mgongoni kama mzigo wa kawaida, na linasimama kwa freni zake lenyewe bila kusukumwa na kitu. Ni ghali zaidi kuliko kamyoneti, ndiyo. Wenye boti wawili wakisubiriana wiki moja, wanagawana. Asiyeweza hata hivyo, atoe injini zote mbili, atoe tangi na betri, avipeleke kwa gari jingine. Kwa mfano wetu wa juu, injini, mafuta na vikorokoro ni kilo 760. Hapo boti na remorki zinabaki kilo 2,250, bado zinahitaji freni, lakini sasa gari linabeba kitu ambacho linaweza kukiongoza.

Yapo mambo ya kufika pia, ambayo hayasemwi kwa sababu watu wakiona ziwa wanadhani safari imekwisha. Remorki imeshuka Ngomo, vitovu vya magurudumu vina moto kiasi cha kuunguza mkono, na shofere anaurudisha moja kwa moja ndani ya maji. Chuma cha moto kikikutana na maji baridi, hewa iliyo ndani ya kitovu inasinyaa na kunyonya maji kupita kwenye mpira wa mafuta. Beringi zinalowa, zinaota kutu, na safari inayofuata gurudumu linashika moto au linatoka lenyewe. Ndiyo maana remorki za boti zinapoteza magurudumu kuliko remorki za mahindi. Isubiri saa moja, ipoe hadi uweze kuishika kwa kiganja. Baada ya kutoka majini ipakwe grisi. Grisi ni dola chache. Na kwado aulizwe kuhusu tairi: tairi za remorki nyingi zinaonekana mpya kwa sababu hazitembei sana, kumbe zimepasuka ubavuni kwa jua na miaka.

Pale ufukweni ndipo walipo watoto. Familia zilizokimbia hukaa karibu na maji, kwa kuwa maji ni ya bure, na mahali pa kushushia boti ni mahali pa kuchotea, kufulia, kuogelea. Gari likirudi nyuma shofere haoni chochote, boti yenye kibanda inaziba kioo chote. Asirudi nyuma mpaka mtu mzima mmoja amesimama anapoonekana, upande wa usukani, na watoto wote wametolewa, wala wanaume wasiitwe kuja kusukuma kwa kusimama nyuma ya boti. Kamba au waya wa kuvutia ukikatika unarudi kama mjeledi. Asiye na kazi asimame mbali kuliko urefu wa kamba.

Mama, baba, mliofika Nyangezi na mizigo kichwani: mkionyeshwa boti iliyo juu ya remorki mkaambiwa kuna nafasi, kataeni, na mkiwa hamna pesa za gari jingine, mwambieni shefu wa mtaa au mtu wa shirika la raia aliye karibu kabla gari halijaondoka, kwa sababu anayewaita hatawaambia kama waya wa freni umekatwa. Mkiwa mmekwisha kupanda na bado hamjafika kwenye mteremko, gongeni kioo, shukeni. Nyinyi mnaouza nyanya na ndizi kwenye kona za Ngomo, mkisikia harufu ya freni inayoungua kabla hamjaliona gari, ondokeni upande wa nje wa kona, muache biashara ilipo. Na vijana wa Kamanyola ambao hukimbilia gari lililoanguka, boti ikipinduka msisogee na sigara wala simu kabla ya kujua kama tangi lilikuwa tupu. Sange iko chini ya barabara hii hii.